Diski imevimba, jicho linaona: kisa cha mshonaji wa Kadutu

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 26, mshonaji wa nguo, mkaazi wa Kadutu, Bukavu. Alikuja na mama yake na dada yake mkubwa, wote watatu macho mekundu kwa kulia. Kituo cha kwanza walichopitia kilimpa dawa za malaria. Cha pili kilimmulika kwa oftalmoskopu, kikaona diski ya jicho la kushoto, yaani kichwa cha neva ya jicho, imevimba, na mtu mmoja pale akawaambia kuna kitu kinaota ndani ya ubongo. Wakaelekezwa wavuke Ruzizi upesi, waende Kigali kupigwa picha ya kichwa, na wajiandae kutolewa maji ya uti wa mgongo. Siku walipofika kwetu, kaka yao alikuwa tayari anatafuta mtu wa kununua cherehani ya huyu binti.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa hapa linaweza kwenda pande mbili. Unaweza kumfilisi kijana kwa ugonjwa ambao ungepona wenyewe, au ukamrudisha nyumbani na maneno ya faraja wakati kichwani mwake kuna jambo la kumuua. Ndiyo maana nashikilia kwamba neno "si hatari" halisomwi kwenye diski. Linapatikana hatua kwa hatua, na mengi ya hatua hizo hayahitaji mashine ya gharama. Mambo madogo ya maisha yake nimeyabadilisha asitambulike, na mwenyewe ameridhia.

Alichosema mgonjwa

"Docta, naona tu muzuri, lakini kuko kivuli ku kando ya hii jicho."

Aliligundua jambo hilo akiwa kazini. Washonaji wengi hufumba jicho moja wanapotunga uzi kwenye sindano. Akifumba la kulia, sindano na uzi aliviona vizuri, ila kisanduku cha vifungo kilichokaa kushoto kwa cherehani kilikuwa kinamezwa na ukungu. Akifumbua macho yote mawili, kisanduku kinarudi. Hali hiyo ilikuwa na wiki kama tatu. Jicho haliumi, hata akiligeuza huku na huku.

Maelezo hayo peke yake yana thamani kubwa. Mtu anayeona tundu la sindano na kukosa kitu cha pembeni amekwambia kwamba kitovu cha uoni kiko hai, na kwamba kasoro iko upande wa nje wa jicho la kushoto, pale pale lilipo doa pofu la kila binadamu, sehemu isiyoona kwa sababu ndipo neva inapotokea jichoni.

Nilimuuliza kuhusu kichwa kwa njia tatu tofauti, kwa kuwa mtu aliyekwisha ambiwa ana kitu ubongoni atakwambia kichwa kinamuuma hata kama hakikuwahi. Kilianza kumuuma lini? Baada ya kuambiwa habari ile, usiku asiolala. Kabla ya hapo? Hapana. Je, kinazidi akilala, au alfajiri akiamka? Hatapiki? Akiinama kuokota kitambaa, uoni haukatiki kwa sekunde chache na kurudi? Hasikii sauti masikioni inayokwenda na mapigo ya moyo? Haoni vitu viwili viwili? Yote hapana. Hizo ndizo dalili za shinikizo ndani ya fuvu, na jibu la "hapana" lililorudiwa nikalishika kama ushahidi.

Niliuliza pia homa, kikohozi, kukonda, vidonda vya mdomoni, maumivu ya viungo, kukwaruzwa na paka. Niliuliza kuhusu dawa: doksisaiklini, vitamini A nyingi, dawa za kifua kikuu, na mafuta ya kuchubua ngozi. Swali hili la mwisho waganga wengi huona haya kuliuliza, na halipaswi kuachwa, kwa maana mafuta hayo mara nyingi yana steroidi kali, na mtu anayeziacha ghafla baada ya muda mrefu anaweza kupandwa na shinikizo la kichwani. Hakuwa akitumia.

Kisha nikamwomba mama yake, kwa heshima, atungoje nje kidogo. Binti akasema ananunua vidonge vya kuzuia mimba kwenye duka la dawa la mtaani, karibu mwaka sasa. Alinionyesha pakiti: vya mchanganyiko, vyenye estrojeni. Mbele ya mama yake asingelisema hilo, nami nisingelimlaumu.

Uchunguzi

Tansio, yaani presha ya damu, 110/70, homa hakuna. Jicho la kulia lilisoma 10/10, yaani uoni kamili, la kushoto 8/10. Vibao vya rangi vya Ishihara alivisoma vyote kwa kulia, na kwa kushoto alikosa kimoja tu. Nikamshikia kifuniko chekundu cha chupa mbele ya jicho moja kisha la pili: wekundu ulikuwa ule ule. Macho yaligeuka pande zote bila kukwama, hakuna lililotokeza nje. Presha ya jicho milimita 14 za zebaki kila upande.

Halafu tochi. Chumba kiwe na giza, mgonjwa aangalie mbali, mwanga uhamishwe kutoka jicho hadi jicho, ukikaa kwa kila moja sekunde mbili au tatu. Neva iliyoumia hujionyesha pale mboni inapopanuka badala ya kusinyaa mwanga unapoifikia. Kwake mboni zote mbili zilisinyaa sawasawa. Nilirudia, nikamwita mwenzangu naye akarudia bila kuambiwa nilichokiona. Kipimo hiki hakina gharama, na kwa diski iliyovimba upande mmoja sijui kingine kinachosema mengi kuliko hiki.

Ndani ya jicho la kushoto picha ilikuwa ya kutisha kweli, sikushangaa waliomtuma kwetu kuogopa. Diski imeinuka, kingo zake zimefutika pande zote, imejaa damu. Vena, mishipa inayorudisha damu, zimenenepa na kujipinda tangu kwenye diski hadi mbali pembeni. Kulikuwa na michirizi ya damu kuizunguka diski, na vidoa vya damu vilivyotawanyika pande zote nne hadi katikati ya retina (utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga), na madoa mawili meupe ya pamba. Lakini makula, sehemu ya retina inayosoma na kutunga sindano, ilikuwa tambarare, haina maji wala nyota ya mafuta. Uteute wa jicho ulikuwa safi.

Jicho la kulia ndilo lililonipa picha kamili. Diski yake ilikuwa na kingo kali na kishimo cha kawaida katikati, na pale vena kuu inapoingia niliiona ikipiga: inasinyaa, inajaa, inasinyaa. Mapigo hayo ya vena huonekana kwa watu wengi wazima, na yakionekana, ni vigumu kwa shinikizo la ndani ya fuvu kuwa limepanda saa ile. Kutoonekana kwake hakuthibitishi kitu. Kuonekana kwake ni ushahidi mzito. Naomba wenzangu wanaomulika macho wasilimulike jicho bovu pekee na kuliacha zima.

Doa pofu kwenye karatasi

Hatukuwa na mashine ya kupima uwanja wa uoni siku ile. Tukachukua karatasi kubwa ya kukatia vielelezo vya nguo, tukaibandika ukutani, tukaweka nukta nyeusi katikati, na mgonjwa akakaa kwenye kiti jicho lake likiwa mita moja kutoka ukutani, jicho jingine limefunikwa. Kitu cha kupimia ni kichwa cheupe cha pini ya ushonaji kilichokazwa kwenye kijiti cheusi. Unaanza ndani ya doa pofu, unakivuta nje polepole, naye anasema "nakiona" kinapotokea. Unatia alama, unarudi ndani, unakwenda upande mwingine, mpaka mduara umefungika.

Kwa mtu mzima, katikati ya doa pofu iko nyuzi 15 hivi upande wa nje, chini kidogo ya usawa wa nukta. Kwa umbali wa mita moja hiyo ni kama sentimita 27. Upana wake ni nyuzi 5 na nusu hivi na urefu nyuzi 7 na nusu, yaani karibu sentimita 10 kwa 13 kwenye karatasi. Jicho lake la kulia lilitoa hivyo hivyo. La kushoto lilitoa sentimita 24 kwa 30. Nje ya duara hilo kubwa aliona kila kitu: juu, chini, pande zote, hata karibu kabisa na nukta.

Nikafanya jambo moja zaidi. Nikaweka lenzi ya +2 mbele ya jicho la kushoto na kupima upya. Doa likapungua karibu sentimita tatu. Sababu ni hii: diski inapovimba huisukuma na kuinyanyua retina inayoizunguka, na sehemu hiyo iliyonyanyuka hupoteza fokasi, ikahitaji lenzi ya kuongeza ili ione. Kwa hiyo sehemu ya kivuli kile ilikuwa ukungu tu, wala si neva iliyokufa. Nilimweleza mgonjwa hivyo hivyo, nikimwonyesha duara mbili kwenye karatasi ya aina anayoifahamu kwa kazi yake, na kwa mara ya kwanza siku ile akaacha kulia.

Kupambanua

Weka sasa mambo pamoja. Diski imevimba sana, vena zimejaa, damu imetawanyika mbali. Kazi ya jicho iko karibu kamili: 8/10, rangi ipo, mboni sawa, na kasoro pekee ni doa pofu kubwa. Kutolingana huku kati ya sura na kazi ndiko kiini cha kisa.

Shinikizo la ndani ya fuvu kwa kawaida huvimbisha diski zote mbili, na damu yake hukaa karibu na diski, haisambai hadi katikati ya retina. Yeye hana dalili zake, na vena ya jicho la pili inapiga. Hapa niliweka alama moja ya hadhari: mwanamke kijana anayekula vidonge vyenye estrojeni anaweza kupata donge la damu kwenye vena za ubongo. Maumivu ya kichwa mapya, degedege, kutapika, au diski ya pili kuanza kuvimba vingebadilisha kila kitu siku hiyo hiyo.

Inflamesheni ya neva ya jicho, ile inayokuja yenyewe kwa vijana, huuma. Katika jaribio kubwa la Marekani lililotoa matokeo mwaka 1992, wagonjwa walikuwa 457, na asilimia 92 kati yao waliumwa jicho. Theluthi moja tu hivi walikuwa na diski iliyovimba. Uoni hushuka kwa siku chache, rangi hufifia, mboni husaliti. Hakuna hata kimoja hapa. Niongeze kwamba wengi wa wagonjwa wale walikuwa wanawake weupe wa Marekani. Sisi wa Kivu tukisoma namba zao tukumbuke kwamba kwetu kaswende, kifua kikuu na VVU vinapaswa kupanda juu kwenye orodha kabla ya magonjwa ya kwao.

Tansio kali sana huvimbisha diski, na hiyo tumeimaliza kwa kipimo cha mkono. Ni aibu kubwa kumvusha mtu mpaka kabla ya kumfunga mkanda wa tansio mkononi. Sukari nayo inaweza. Neuroretinitisi, yaani inflamesheni ya neva na retina kwa pamoja, ya kukwaruzwa na paka au ya kaswende, huleta nyota kwenye makula, na mara nyingi nyota hiyo huchelewa wiki moja au mbili, hivyo nilipaswa kumtazama tena kabla ya kuifuta.

Drusi za diski, yaani vijiwe vya chokaa vilivyozikwa ndani ya diski, huwadanganya wengi. Diski yenye drusi huwa na mabonde mabonde, mishipa haifunikwi, vena hazijai, na diski ya jicho la pili mara nyingi ni ndogo isiyo na kishimo. Yake haikuwa hivyo. Hata hivyo nilimpeleka kwenye ekografia (ultrasaundi), kwa probu ile ile nyembamba wanayotumia kwa tezi ya shingo, jeli juu ya kope lililofumbwa. Drusi hung'aa, na ukipunguza nguvu ya mashine hadi jicho zima likapotea, zenyewe hubaki ziking'aa. Hazikuwapo. Tukapima pia upana wa ala ya neva, utando unaoizunguka, milimita 3 nyuma ya jicho: kulia 4.4, kushoto 4.7. Inapozidi 5 ndipo mashaka ya shinikizo yanapoanza kuwa mazito.

Mwisho ni kitu kinachobana neva kwa nyuma, hasa meningioma, uvimbe unaoota kwenye ala yake. Hiyo huenda polepole, hula rangi na mboni mapema, na haina kawaida ya kumwaga damu retina nzima.

Kilichobaki ni ugonjwa wa vena. Lonn na Hoyt waliuandika mwaka 1966 kwa jina la papiloflebitisi, yaani inflamesheni ya vena kwenye diski, wakisema unachukua muda mrefu lakini mwisho wake ni mwema. Mwaka 1972 Hayreh akaugawa sehemu mbili: kwa wengine diski ndiyo inayovimba zaidi, kwa wengine picha inaelekea kuziba kwa vena kuu ya retina. Huyu wetu alikuwa katikati, akiegemea ya kwanza. Vena hiyo moja inabeba damu yote inayotoka kwenye retina, na inatoka nje kwa kupita tundu jembamba pamoja na ateri. Ukuta wake ukivimba hata kidogo, damu husongamana nyuma yake kama magari ya Bukavu yanavyosongamana kwenye daraja la Ruzizi, ingawa daraja lenyewe halijafungwa. Inapita, ila kwa shida. Ndiyo maana jicho linaona.

Kupiga picha kwa rangi ya fluoresini kungeonyesha vena zikijaa kwa kuchelewa na diski ikivuja, huku vijishipa vidogo vya retina vikiwa bado wazi. Hatukuwa na uwezo huo. Mboni mbili zilizolingana ndizo zilizosimama badala yake: retina iliyokosa damu kwa upana isingeacha mboni zisinyae sawa.

Labo na maamuzi

Nilipanga vipimo kwa mfuatano wa kile ambacho kingebadilisha matibabu. Kwanza sukari, VVU, kaswende, hesabu kamili ya damu, kasi ya chembe kutulia, kipimo cha mimba, na Emmel kwa ajili ya selimundu, ile tunayoiita SS. Emmel haipambanui mwenye ugonjwa na mbebaji. Ikitoka chanya ndipo unalipia elektroforesi. Kwake ilitoka hasi. Picha ya kifua pia ilikuwa safi. Kila kitu kilikuwa cha kawaida.

Vipimo vya kugandisha damu vya kutumwa mbali, kama kingamwili za fosfolipidi na homosisteini, sikuvidai. Hakuwahi kuvimba mguu kwa donge, mimba hazijawahi kuharibika, na kwenye ukoo hakuna aliyepata donge la damu akiwa kijana. Angekuwa na lolote kati ya hayo ningewaomba watafute pesa.

Mwanafunzi wetu wa stajié aliuliza kwa nini tusitoe maji ya mgongo tukajua moja. Ni swali la haki. Kungekuwa na diski mbili zilizovimba, au VVU chanya na kichwa kinachouma, kipimo hicho kingekuwa cha lazima baada ya kuhakikisha hakuna kitu kinachosukuma ubongo, kwa sababu meninjitisi ya kriptokoka, ile ya fangasi, huua, na kupima shinikizo na kulipunguza huokoa. Kwa diski moja, jicho la pili likiwa na vena inayopiga, sindano ile ingempa mgonjwa maumivu ya kichwa mapya na sisi tusingejua zaidi ya tulichokijua.

Steroidi sikumpa. Wapo waganga wanaozitoa kwa papiloflebitisi, na siwapingi, ila hakuna jaribio lenye udhibiti lililoonyesha kwamba zinabadilisha mwisho wake. Kwa mtu mwenye 8/10 na makula kavu, katika mkoa wenye kifua kikuu kama wetu, hesabu haikuniridhisha. Na lile jaribio la 1992 lilishatuonya: waliopewa prednisoni ya vidonge peke yake kwa inflamesheni ya neva walirudiwa na ugonjwa zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kumpa kijana "dexa", yaani steroidi ya deksamethasoni, kwa sababu diski imevimba, kabla ya kujua imevimba kwa nini, ni desturi inayoniumiza kila ninapoiona kwenye fishi (kadi) za wagonjwa. Aspirini nayo sikuona sababu.

Nilichofanya ni kusimamisha vidonge vya estrojeni. Sikumwambia kwamba ndivyo vilivyomletea ugonjwa, maana sikuwa na haki ya kusema hivyo. Muuguzi wa uzazi wa mpango alikaa naye faragha, wakachagua njia isiyo na estrojeni. Na kwa kaka yake nilisema wazi: cherehani isiuzwe. Picha ya kichwa ninaitaka, lakini kwa utulivu, pesa zitakapopatikana. Nikawaandikia mambo ya kuwaleta usiku huo huo: kichwa kipya kinachozidi, kutapika, kuona viwili, uoni kushuka ghafla, au jicho la kulia kupata ukungu.

Wiki ya tatu

Hapa ndipo familia ilipotaka kukata tamaa, na naelewa. Damu kwenye retina ilikuwa imeongezeka, uoni umeshuka hadi 7/10. Mama yake akaniambia, "Baba docta, unatufichia kitu."

Nilimwonyesha karatasi zote mbili. Doa pofu lilikuwa sentimita 26 kwa 32, karibu lile lile. Kisha nikatazama nilichopaswa kutazama: irisi, kabla ya kuweka dawa ya kupanua mboni, nikitafuta vijishipa vipya pembezoni mwa mboni, kwa kuwa vena iliyoziba kabisa huviotesha na vikishaota hupandisha presha ya jicho na kuliua. Hakukuwa na kimoja. Presha 14, mboni bado sawa, mistari ya Amsler, karatasi ya miraba ya kupima makula, imenyooka, nyota ya makula haikutokea. Damu zaidi kwenye retina katika wiki za mwanzo haimaanishi ugonjwa umebadilika sura, mradi mboni na presha vimesimama. Kama mboni ingesaliti siku ile, kisa hiki kingekuwa kingine, na mimi mwenyewe ningewasindikiza kutafuta leza. Wagonjwa wachache wa papiloflebitisi huishia huko, au makula yao hujaa maji yakawaachia uoni dhaifu, na ndiyo sababu simwamini mganga anayetoa jina hili kisha asimpe mgonjwa tarehe ya kurudi.

Tukamwita kila wiki mbili. Mwezi wa pili kaka yake alipata pesa kwa njia nyingine, wakafanya skana ya kichwa na matundu ya macho. Safi. Mwezi wa tatu vena zilianza kunyooka na uoni ukarudi 8/10, kisha 9/10. Mwezi wa tano kingo za diski zilionekana tena upande wa nje, ule wa ndani ukachelewa.

Mwezi wa saba alisoma 10/10 kwa macho yote. Diski imelala, rangi yake ni nzuri, damu imefyonzwa. Doa pofu la kushoto lilitoa sentimita 11 kwa 14. Juu ya diski kumebaki vitanzi viwili vidogo vya mishipa, njia za pembeni ambazo damu ilijichongea wakati vena kuu imebanwa. Vitanzi kama hivyo pia huonekana kwenye meningioma ya ala, lakini kule huja pamoja na diski inayopauka na uoni unaoshuka. Hapa uoni umepanda na skana haina kitu. Niliviandika na kuvichora kwenye fishi yake ili mwingine atakayemmulika siku za mbele asiwatie hofu upya.

Siku hiyo aliuliza kama ataweza kubeba mimba. Nilimjibu ndiyo. Ila mkunga aambiwe mapema kwamba vena ya jicho iliwahi kubanwa, apimwe tansio kila anapohudhuria kliniki, na vidonge vya estrojeni asivirudie kamwe hata baada ya kujifungua. Atatazamwa tena baada ya miezi sita, na baada ya hapo mara moja kwa mwaka. Kwenye fishi yake, chini ya mchoro wa vitanzi, kumeandikwa kwa Kiswahili na kwa Kifaransa: akija na jicho lolote lenye ukungu, anza na tochi na tansio, kisha mulika macho yote mawili.